Muhuri wa Kupokea Barua

Likizo ndefu ya mwaka wa tatu chuoni nilipelekwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, katika taasisi ya serikali inayowachunga watu wanaokusanya fedha za wenzao kwa ahadi ya kuzizalisha. Jina lake silitaji. Ni refu, na sijawahi kusikia limemsaidia mtu. Wenzangu darasani walinionea wivu, kwa sababu wao walikuwa wameangukia matawi ya benki, kazi yao kuwapanga watu foleni na kuwaonyesha mahali pa kutia sahihi. Mimi nilikuwa naenda kwa mdhibiti mwenyewe. Nilijiona tayari naingia ofisi za matapeli, askari wawili nyuma yangu, nikisema, "Simameni hapo hapo, mtu asiguse kompyuta."

Nilipewa muhuri.

Nisiwe mchoyo wa shukrani. Nilipewa pia kiti, padi ya wino, na dirisha lililotazama ukuta wa jengo la jirani. Nasikia wanafunzi wa ng'ambo hufanya kazi za namna hii msimu wa jua. Sisi huzifanya kuanzia Juni, na anayeijua Nairobi anajua Julai yake ilivyo na baridi. Nilitoka Kangemi asubuhi nimevaa sweta mbili chini ya koti la shangazi, nikafika katikati ya jiji nimekunjamana kama chapati ya jana, nikapanda lifti na watu wanaonukia vizuri, kisha nikakaa mapokezi kungoja barua. Huo ndio ulikuwa utangulizi wangu wa masoko ya mitaji.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu analeta barua, nakala mbili. Moja inabaki. Nyingine unaigonga muhuri wenye jina la taasisi, tarehe, na neno moja la Kiingereza la kusema kwamba barua imefika, halafu unamrudishia. Basi. Huulizi barua inasema nini. Ukiletewa barua ya kuomba kazi, unagonga. Ukiletewa ya kutishia kutupeleka mahakamani, unagonga, unasema karibu tena. Mkenya yeyote aliyewahi kufuatilia jambo serikalini anaijua thamani ya ile nakala. Usipokuwa nayo, hukuwahi kufika, barua hukuiandika, na labda hata hujazaliwa. Kuna nyumba ambazo picha ya harusi imefungiwa kabatini na barua iliyogongwa muhuri imetundikwa ukutani.

Msimamizi wangu alikuwa mama wa Ukambani, aliyekuwa katika idara hiyo tangu enzi za taipureta. Sote tulimwita Madam. Hakuwa mtu mbaya. Alinigawia chai yake ya chupa, akaniuliza kama nimekula. Lakini alikuwa na dini yake, na dini hiyo iliitwa utaratibu. Nilipomwandikia ujumbe wa kwanza alinirudishia kwa sababu aya ya pili ilikuwa imeingia ndani zaidi ya ile ya kwanza. Ujumbe ulisema bomba la choo limepasuka. Nikanyoosha aya. Maji yakawa yamefika kwenye zulia.

Nyumbani, kwa shangazi, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Shangazi yangu, dadake baba, ni mpishi katika nyumba moja ya matajiri kule Spring Valley, na ndiye aliyenipa kitanda miezi ile yote. Nilimweleza mara kwa mara kwamba mimi ni mwanafunzi tu, silipwi, na kazi yangu ni kupokea barua. Akaniambia, "Hivyo ndivyo watu wakubwa huanza." Jumapili ya kwanza akasimama kanisani wakati wa matangazo, akamshukuru Mungu kwa kuwa mtoto wa kaka yake sasa ameshika ofisi ya serikali inayoangalia pesa zote za Kenya. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akaniuliza baadaye kama naweza kuangalia za kwake, maana hazionekani.

Sasa, huyo shangazi alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama pale kanisani. Wengi walitoka Magharibi mwa Kenya kama sisi, wafuaji nguo wa Lavington, wauza mboga wa soko la Kangemi, mafundi cherehani. Kikundi kilikuwa na mfuko mmoja tu, mfuko wa safari. Kwetu mtu hazikwi mjini. Ukifia Nairobi unarudishwa kwenu, ulazwe mahali ambapo watu wanajua ulikuwa mtoto wa nani. Gari la kukupeleka halikodishwi kwa maombi, na familia nyingi za Kangemi haziwezi kulikodi zenyewe. Kwa hiyo akina mama walikuwa wakichanga kidogo kidogo, mvua na jua, miaka mingi, na hakuna mwanachama aliyewahi kubaki mochari kwa kukosa gari. Shangazi aliutunza mfuko ule kwa wivu mkubwa kuliko anavyoitunza ndoa yake.

Hapo ndipo alipoingia mzee wa kanisa na konokono.

Mzee huyu alikuwa mtu mtanashati, suti ya kahawia, viatu vinavyolia sakafuni. Alikuwa na mradi. Konokono wanafugwa kwenye masanduku, wanalishwa sukuma wiki, wanatoa ute, ute unauzwa Ulaya, na wanawake wa Ulaya wanajipaka usoni wasizeeke. Anayeweka pesa anavuna kila mwezi bila kumgusa konokono hata mmoja. Shangazi aliposikia mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini mwenzake mmoja, mama auzaye vitunguu sokoni, mwenye sauti ya kufukuza mbwa, hakucheka. "Mnacheka na huku mnapaka miguu mafuta ya kupikia," akasema. "Wazungu wanataka ute, wapewe ute!" Na mama wa vitunguu akitaka jambo kikundini, jambo huwa limekaribia kutendeka. Alipendekeza mfuko wa safari uingizwe kwa konokono, uzae, wapate gari lao wenyewe. Shangazi akawa na hoja moja tu ya kujikingia: mradi hauna kibali cha serikali.

Nadhani mzee aliondoka pale moja kwa moja kwenda kuandika barua.

Alinitokea mapokezi siku ya kazi, mchana, akitabasamu kama tumekutana harusini. "Binti yetu! Kumbe ni wewe unashikilia hapa?" Akatoa bahasha, nakala mbili safi. Barua ilisema kwamba yeye, mwanzilishi wa mradi fulani, anajitambulisha kwa taasisi na kuitakia kazi njema. Hakuomba chochote. Nikagonga, nikamrudishia yake. Akaitazama kwenye mwanga, akairudisha mezani.

"Finya tena kidogo, binti yangu. Hapa kwa jina haijaonekana poa."

Nikafinya. Ndiyo kazi iliyonipeleka, na mpaka leo sioni kosa langu lilikuwa wapi. Kama posta ingekuwa inashtakiwa kwa kila barua ya uongo iliyoibeba, wangekuwa gerezani na baiskeli zao.

Jumapili mzee akapanda mbele kanisani na karatasi ile. Alikuwa ameipiga laminesheni, plastiki ngumu pande zote mbili. Aliiinua juu, ikang'aa chini ya taa, na hata aliyekaa nyuma kabisa aliuona ule mstatili wa bluu wa muhuri. "Mlitaka serikali," akasema. "Serikali ni hii. Na aliyeipiga stamp hayuko mbali. Ni mtoto wetu. Binti, hebu simama wakuone." Nikasimama kabla sijajua nasimamia nini. Makofi, vigelegele. Nilifungua mdomo kusema jambo, lakini kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba. Nilikaa chini nikiwa na hasira iliyonipasua kichwa, na hasira nyingine kwa sababu nilikuwa nimetabasamu.

Tulipofika nyumbani shangazi hakuvua hata kitambaa.

"Ni wewe ulipiga?"

"Ni mimi, Anti. Lakini hiyo si ruhusa. Ni ya kuonyesha barua imefika tu."

"Serikali inaweza kuweka stamp yake kwa kitu haijakubali?"

"Kila siku, Anti. Tangu asubuhi hadi jioni."

Akakaa. Aliniamini, na nilimwona akiumia kuniamini, maana ilimbidi aiteremshe ofisi yangu kutoka mahali alipokuwa ameiweka. "Mimi ni mweka hazina," akasema mwishoni. "Mfuko si wangu. Wakiamua Jumapili ijayo nitautoa, na wewe ndio watasema uliwaambia ni sawa." Halafu akaongeza, polepole, "Na mtu akikufa, nitamwambia nini huyo mtu?"

Jumatatu nilienda kwa Madam. Nilikuwa na imani. Nilikuwa mdhibiti, au angalau nilikuwa mlangoni kwa mdhibiti, na nilikuwa nimemleta tapeli mkononi, na jina, na mahali anaposali.

"Madam, kuna mtu anakusanya pesa za watu na barua iko na stamp yetu."

"Stamp gani?"

"Ya kupokea."

"Hiyo haina maana yoyote. Inaonyesha tu barua ilifika."

"Najua, Madam. Lakini watu hawajui."

"Wanafaa kujua."

"Sasa si tuwaambie?"

Akaweka kikombe chini. "Huyo mtu ako na leseni yetu?"

"Hana."

"Basi hatumsimamii. Na sisi hatutoi maoni kuhusu mtu hatumsimamii."

"Na angekuwa na leseni?"

"Angekuwa na leseni, haungekuwa hapa ukilalamika juu yake."

Nilizunguka hoja ile kama mbuzi aliyefungwa kamba, sikuona pa kutokea. Yaani mwizi asiyejiandikisha si mwizi wetu. Tuna kazi kubwa ya kuwachunga walioomba kuchungwa. Nikauliza kama hatuwezi kutoa tangazo kwa umma. Madam akafurahi, maana hapo nilikuwa nimeingia kwenye utaratibu. Tangazo linawezekana sana. Linaandikwa, linaenda kwa wanasheria, wanasheria wanalirudisha, linaenda kwa watu wa mawasiliano, linaenda kwenye kamati, kamati inalipeleka kwenye bodi. Likitoka huwa zuri sana.

"Hutoka lini, Madam?"

"Likishatoka."

Ili nisikae na uchungu bure, alinipa kazi ya heshima. Taasisi ilikuwa inatengeneza kijitabu cha Kiswahili cha kuelimisha wananchi, na mimi, kwa kuwa ninatoka Kangemi, nilichukuliwa kuwa mtaalamu wa wananchi. Nikaandika: Usimpe mtu pesa yako kabla hujatuuliza. Kikarudi kutoka ghorofa ya juu kimeandikwa: Wawekezaji wanahimizwa kuzingatia uangalifu unaostahiki. Nilimuuliza Madam sentensi yangu ilikuwa na ubaya gani. Akasema inaogopesha. Tena, akasema, wote wakija kutuuliza tutawajibu nini?

Swali zuri. Nililala nalo, nikaamka nalo, na nikiwa napiga mswaki uani ndipo wazo likanijia, nikacheka peke yangu hadi povu likaingia puani. Kama muhuri wetu haubagui, basi haubagui.

Jioni ile shangazi na mimi tulikaa mezani tukaandika. Yaani mimi niliandika, yeye akatoa maneno, na mengine hayakuandikika. Barua ilisema kwamba yeye, mkaazi wa Kangemi, anaijulisha taasisi kwamba ana nia ya kuuza Barabara ya Waiyaki kwa mita, kuanzia sokoni kwenda juu, na kwamba watakaonunua mapema watapewa upande wa kivuli. Alitaka tuongeze daraja la wapita njia kama zawadi. Nilimkataza. Daraja ningeligonga pia, lakini tapeli mzuri hujua kiasi.

Alimwomba bosi wake wa Spring Valley ruhusa, akavaa nguo za kanisani, akaja mjini. Askari wa mlangoni alimpekua mkoba, akakuta barua na maandazi. Alipofika mbele yangu tulisalimiana kama watu wasiojuana.

"Naleta barua."

"Ya nini, mama?"

"Ya biashara."

Nikachukua nakala zote mbili, nikiuma mdomo nisicheke. Nikalowesha muhuri. Na Madam huyo, nyuma ya bega langu, chupa ya chai mkononi. Aliisoma barua kwa utulivu, mstari kwa mstari. Nikaanza kuhesabu ni semista ngapi mtu hupoteza akifukuzwa atachimenti.

"Waiyaki Way?" akasema.

"Ndiyo, Madam," shangazi akajibu, macho makavu.

"Iko na nakala mbili?"

"Ziko."

Madam akanigeukia. "Basi pokea." Akaenda zake.

Jumapili, baada ya ibada, kikundi kilibaki kanisani, viti vimezungushwa. Mzee wa kanisa alikuwa mgeni wa heshima, laminesheni magotini. Mama wa vitunguu alikuwa amekuja na kalamu ya kutilia sahihi. Shangazi akaomba kusema kabla ya mfuko kuguswa. Akasimama, akaisoma barua yake ya kuuza barabara kutoka mwanzo hadi mwisho kwa sauti ya mtu anayesoma Waraka kwa Warumi, kisha akaigeuza waone. Mstatili ule ule, bluu ile ile. "Na hii ilipigwa na huyu huyu," akasema, akinionyesha kidole.

Vichwa viliinama kuitazama. Halafu fundi cherehani mmoja akauliza, kwa dhati kabisa, "Kwa hivyo umepewa? Mita ni pesa ngapi?"

Kicheko kilichofuata kiliinua mabati. Hata mzee alicheka. Niliposimama kueleza, nilijieleza vizuri. Nilisema muhuri ule unagongwa barua yoyote, hata ya kunitukana, na kwamba ofisi yetu haijampa mzee ruhusa ya kuchukua hata ndururu. Nilidhani tumemaliza. Lakini mzee hakuwa mtoto. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Akina mama, barua ya dada yetu ni mchezo, na serikali inajua kucheka. Yangu ni ya ukweli. Niliwaandikia nikawaambia mimi ni nani na niko wapi. Si wangekuja kunishika? Wamenyamaza. Kunyamaza ni kukubali. Huyu binti ni mwanafunzi, bado anasoma. Mimi naongea na ofisi."

Hapo alinikata maini, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli. Tulikuwa tumenyamaza. Nilimwona shangazi akinitazama nijibu, na mimi nina nini cha kujibu? Kijitabu? Uangalifu unaostahiki?

Mama wa vitunguu ndiye aliyekata shauri, na hakulikata kwa upande wangu. Yeye alikuwa ameshazila pesa za konokono moyoni. Alikuwa ameshachagua hata rangi ya gari. Lakini ni mama wa soko, hanunui gunia bila kulifungua mdomo. "Sitaki maneno ya mwanafunzi, sitaki maneno ya mzee," akasema. "Kesho mzee anaenda hiyo ofisi na mimi naenda na yeye. Ofisi ikisema ndiyo, mfuko unatoka kesho hiyo hiyo. Ikisema hapana, tumeachana na konokono. Na ikinyamaza," akamwangalia shangazi, "ni vile mzee anasema." Wakakubali wote. Shangazi hakulala vizuri, na mimi pia, kwa sababu mimi ndiye niliyejua ofisi ile ingesema nini. Isingesema kitu.

Walikuja. Mzee katika suti yake, mama wa vitunguu katika koti la mvua na kikapu, akiyatazama marumaru ya mapokezi kama mtu anayetafuta penye ufa. Mzee akaniwekea barua mpya mezani. Nikaisoma, jambo ambalo kazi yangu hainitaki nilifanye. Lazima nimsifu. Aliomba taasisi ithibitishe kwamba barua yake ya kwanza ilipokelewa. Ukigonga, umethibitisha. Usipogonga, umemnyima mwananchi haki yake, na utaratibu utakulaani.

"Piga tu, binti yangu," akasema kwa upole. "Huyu mama ako na haraka ya kurudi soko."

Nikagonga nakala yetu. Nikagonga na yake. Mkono wangu ukabaki hewani juu ya karatasi, na mama wa vitunguu akatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililonishinda. Nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa mezani, penseli, nikaandika chini ya muhuri: Hii si leseni. Herufi zilitoka ndogo na zimepinda, za mtu mwoga.

"Unaharibu karatasi yangu!" mzee akapaza sauti. "Nani amekuruhusu? Niitie mkubwa wako! Mkubwa wako ni nani hapa?"

Hakuhitaji kuitwa. Sauti ya juu mapokezi ni uvunjaji wa utaratibu, na Madam alikuwa ameshatoka. Alichukua karatasi. Alisoma barua, akasoma muhuri, akasoma maneno yangu. Mzee alikuwa anaeleza, mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, na nitasema ukweli, nilikuwa naogopa. Nilijua chuo kingeambiwa. Nilijua baba angeambiwa.

"Nani ameandika hapa?"

"Ni mimi, Madam."

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, Madam."

Akainua karatasi karibu na miwani. "Na penseli?"

Niliirudisha penseli mezani.

"Hati rasmi haiandikwi na penseli," akasema. "Inafutika."

Akatoa kalamu mfukoni mwa koti lake, akaiweka karatasi mezani, akainama. Akayapitia maneno yangu herufi moja moja kwa wino mweusi, bila haraka, akayanyoosha yalipopinda. Chini yake akaandika jina lake na cheo chake, akatia sahihi na tarehe. Akafanya vile vile kwenye nakala yetu, kwa sababu nakala lazima zifanane. Hakuuliza wanasheria. Hakupeleka kamati. Nilimtazama mama yule wa chai ya chupa na nikahisi machozi yananijia, mbele za watu, kazini.

"Imeandikwa nini?" mama wa vitunguu akauliza. "Nisomee. Sina miwani."

Madam akamgeukia. "Imeandikwa hii si leseni. Huyu mzee hatujampatia ruhusa ya kuchukua pesa ya mtu yeyote. Hajawahi hata kuomba."

Mzee alikunja karatasi yake mara nyingi mno, ikawa ndogo, akasema atarudi na wakili. Viatu vyake vikalia mpaka kwenye lifti. Mama wa vitunguu hakumfuata. Alisimama pale amekumbatia kikapu, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeokolewa. Ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa gari.

"Basi mfuko hautoki," akasema.

"Pole, mama," Madam akasema.

"Na hii maneno mlikuwa mnaijua?"

Madam alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Ndiyo, mama. Tulikuwa tunajua."

"Sasa si mngesema tu?"